Mbuzi 11 wamekufa masika hii, na dawa ya minyoo walikunywa mara tatu

Kamba Fupi (mwenye uzi)

Wakuu habari za usiku. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Ila kama unafuga mbuzi ukanda huu wa Pwani, au unafikiria kuleta mbuzi kutoka bara, kaa hapa kidogo. Hasara nimeshaila mimi, nyie kuleni somo.

Januari nilinunua mbuzi 38 mnadani kanda ya kati. Wengi machotara wa Boer (mbuzi wakubwa wa nyama wa Afrika Kusini), na majike tisa wa kienyeji niliowachukua kwa sababu hela ya machotara iliishia njiani. Nikawaleta Chalinze kwenye ekari tatu nilizozungushia wigo. Majani yamesimama, dimbwi la msimu lipo kwenye kona, kijana wa kuwaangalia nimempata. Nikajiona nimewatoa kwenye ukame nikawaingiza peponi.

Februari shwari. Masika ikaingia, Machi ikapita, katikati ya Aprili jike mmoja akaanza kubaki nyuma. Hahari, hakohoi, anakula, ila anachoka haraka na anasimama kichwa chini. Siku ya tatu nikaona chini ya taya pamevimba, pamelegea kama mfuko wenye maji. Jioni panajaa, asubuhi pamepungua. Siku ya tano akafa. Wiki hiyohiyo wakafa wengine wawili, na mmoja wao alikuwa na mwili mzuri kabisa. Jana alikuwa anapigana na beberu, leo kalala.

Nikaenda duka la dawa za mifugo (jina silitaji, si hoja ya uzi). Nikapewa chupa ya albendazoli na maelekezo ya mdomo: "Hawa wadogo kiasi hiki, wakubwa kiasi hiki." Nikawanywesha wote. Baada ya wiki tatu nikarudia. Mwisho wa Mei nikarudia tena. Vifo vikafika 11, wengi wao vitoto na majike waliotoka kuzaa. Katika 11 hao, wa kienyeji alikuwa mmoja tu.

Wa tisa niliamua apasuliwe. Jirani yangu ana bucha, anajua tumbo la mbuzi kuliko mimi ninavyojua mfuko wangu. Akapita taulo, akapita kitabu, akafika lile tumbo la mwisho kabla ya utumbo mwembamba, akalifungua taratibu. Wakuu, lile tumbo lilikuwa linatembea. Minyoo wembamba kama uzi wa kushonea, sentimita mbili mpaka tatu, na ukimwinua mmoja kwenye mwanga unaona kama nyuzi mbili, nyekundu na nyeupe, zimesokotwa pamoja. Wekundu ni damu ya mbuzi iliyo ndani ya mnyoo. Weupe ni mirija yake ya mayai. Nyama yenyewe ilikuwa imepauka, na damu iliyotoka ilikuwa nyepesi kama maji ya nyanya.

Baadaye niliambiwa jina lake, Haemonchus contortus. Kila mmoja anampotezea mbuzi damu kama sehemu moja ya ishirini ya mililita kwa siku. Inaonekana si kitu, lakini minyoo 1,000 ni mililita 50 kila siku, na mbuzi wa kilo 25 ana damu isiyofika lita mbili. Piga hesabu ya siku kumi. Ndiyo maana mbuzi anakufa akiwa bado na nyama mwilini na kinyesi chake kikiwa vidonge vizuri kabisa. Mimi nilikuwa nasubiri kuhara ndipo niseme ni minyoo.

Sasa kilichonifanya niandike uzi. Mbuzi hawa kule walikotoka walikuwa wazima. Sikubadilisha mbuzi, nilichobadilisha ni mahali mdomo wao ulipo. Kule walikula wakiwa wamesimama kwa miguu ya nyuma, wanachuma majani ya migunga na vichaka. Kwangu niliwafungia kwenye nyasi, wakala wakiwa wameinama mchana kutwa, pale pale walipokunya jana.

Jike mmoja wa mnyoo huyu anataga mayai 5,000 na zaidi kwa siku. Yanatoka na kinyesi. Kukiwa na joto na unyevu, ndani ya wiki moja hivi yameshaanguliwa, na lava (minyoo wachanga) wamefikia hatua ya kuambukiza. Hapo wanapanda kwenye jani wakifuata filamu ya maji, umande au mvua, lakini hawaendi juu sana. Wengi wanabaki sentimita tano za chini. Mbuzi akila hapo, baada ya wiki tatu hivi na yeye anamwaga mayai. Kwa hiyo mvua za Machi zilinipa maiti za Aprili, na zile za Aprili zikanipa za Mei.

Na dawa? Dawa ilikuwa inafanya kazi tumboni, mbuzi nawarudisha kwenye nyasi zilezile asubuhi. Nilikuwa nadeki huku bomba limepasuka.

Nimeanza kutengeneza mambo, nitaeleza. Wataalamu karibuni mnikosoe.

Supu ya Kichwa

Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na wewe jina lako Kamba Fupi. Ulitegemea nini mkuu 😂

Kamba Fupi

😂😂 Jina nilijiandikisha kabla ya hasara. Ila umegusa kitu. Wale majike niliowafunga kwa kamba karibu na banda ndio walikuwa hoi zaidi. Duara moja, wiki nzima, anakula na kukunya humohumo.

Chabo Tu

Pole mkuu. Lakini una uhakika ni minyoo? Huku kwetu Handeni mbuzi akipauka hivyo tunasema ndorobo.

Daktari wa Zizi

Swali la Chabo Tu ni zuri na watu huliruka. Kope nyeupe maana yake damu imepungua, haisemi imepunguzwa na nani. Ndorobo wanaleta ugonjwa unaomaliza damu, kupe nao wana magonjwa yao, na hata viroboto wengi wanaweza kuua kitoto. Uvimbe chini ya taya nao si wa mnyoo huyu peke yake. Kwenye maeneo ya maji yaliyotuama kuna minyoo bapa ya ini, Fasciola gigantica, anayepitia kwa konokono wa majini. Huyo naye anavimbisha taya. Wewe mwenye dimbwi kwenye kona, nisingekuamini mpaka nione ini.

Mwenye uzi ameokolewa na kupasua. Kupasua maiti mmoja ni kipimo cha bei rahisi kuliko chupa tatu za dawa.

Kamba Fupi

Ini tuliliangalia Dokta, halikuwa na kitu. Lakini dimbwi nimelizungushia wigo hata hivyo.

Mama Wawili

Mimi mbuzi wangu nawapa majani ya mwarobaini na mbegu za mapapai zilizosagwa, mwaka wa tatu sasa sijanunua dawa. Wazungu wanatuuzia tu.

Daktari wa Zizi

Mama Wawili, una mbuzi wangapi na wanakula wapi?

Mama Wawili

Wanne. Wanazunguka mtaani na kwenye mashamba ya watu 🙈

Daktari wa Zizi

Basi wanaokusaidia ni majirani zako. Mbuzi wanne wanaokula huku na kule, leo ua wa huyu, kesho migomba ya yule, hawana nafasi ya kurudia kinyesi chao. Sisemi mitishamba yote ni bure. Majani yenye tanini, yale yanayokausha ulimi ukiyatafuna, yanaweza kupunguza makali ya minyoo yakiliwa mara kwa mara kama chakula. Lakini mbuzi mwenye kope nyeupe ukimpa mwarobaini ukasubiri, utachimba shimo.

Kamba Fupi

Narudi kwenye nilichofanya. Juni nilichukua vinyesi kwenda maabara. Vitoke moja kwa moja kwenye njia ya haja, usiokote chini, weka kwenye mfuko na upeleke vikiwa na ubaridi. Wakahesabu mayai kwa hadubini. Nikawanywesha albendazoli ileile, na siku ya 14 nikarudisha vinyesi vya mbuzi walewale. Mayai yalipungua kama nusu tu. Nikaambiwa dawa nzima ingepasa kuyashusha kwa asilimia 95 au zaidi. Maana yake mbuzi nilinunua wakiwa na minyoo waliokwisha kuizoea dawa, au mimi mwenyewe nimewazoesha, au vyote viwili.

Na hapo nikajua uzembe wangu. Uzito nilikuwa nakadiria kwa macho. Nilipoazima mizani, niliyemwita wa kilo 20 alikuwa na 31. Nusu dozi ni shule ya minyoo.

Mpango wangu sasa: nawanywesha wote dawa ya kundi jingine, siku hiyohiyo nawahamishia kipande kipya ambacho hakijawahi kukanyagwa na mbuzi. Waanze upya kwenye eneo safi.

Daktari wa Zizi

Hapo simama kwanza. Najua inaonekana ni akili, hata vitabu vya zamani vilifundisha hivyo. Fikiria ni minyoo gani wanabaki tumboni baada ya dawa. Ni wale ambao dawa haikuwaweza. Ukiwahamishia eneo safi siku hiyohiyo, mayai yatakayoangukia kwenye nyasi mpya ni ya hao tu. Umepanda shamba zima kwa mbegu sugu, hakuna mnyoo dhaifu wa kuchanganyika naye.

Ndiyo maana siku hizi hatunyweshi wote. Katika kundi, mbuzi wachache, tuseme wawili katika kumi, wanabeba sehemu kubwa ya minyoo yote. Hao ndio wa kutibu. Waliobaki waache na minyoo yao michache isiyowaumiza. Hao wanaendelea kumwaga mayai ya minyoo ambao dawa bado inawaua, na akiba hiyo ndiyo inafanya chupa yako iwe na kazi mwaka kesho.

Utawajuaje? Funua kope ya chini. Afrika Kusini walitengeneza kadi yenye rangi tano kwa kazi hii, inaitwa FAMACHA, kutokana na jina la daktari Faffa Malan. Namba 1 ni nyekundu, 5 ni nyeupe kama karatasi. Wa 4 na 5 wanatibiwa bila mjadala. Wa 3 unatibu akiwa kitoto, mwenye mimba, anayenyonyesha au aliyekonda. Masika unaangalia kila wiki mbili, hata kila wiki. Kiangazi unaweza kulegeza. Fanya juani, si ndani ya banda, na usitumie picha ya kadi kwenye simu, rangi za kioo zinadanganya.

Kadi hii ni ya minyoo wanaofyonza damu tu. Wapo wengine wa utumbo mwembamba wanaoharisha na kukondesha bila kupausha kope.

Chabo Tu

Wale kama punje za mchele kwenye kinyesi ndio hao?

Daktari wa Zizi

Hapana, hao ni vipande vya tegu, Moniezia. Ndio wanaoonekana kwa macho, ndio watu wanaowaogopa, na kwa kawaida ndio wenye madhara madogo. Huyu muuaji mayai yake huyaoni bila hadubini.

Babu wa Mpwapwa

Nimesoma yote. Vijana mnanunua chotara mnadhani ukubwa ndio uzima. Mbuzi wetu mdogo mnamdharau, kwato moja haijai kiganjani, lakini amekuwa na hawa minyoo tangu babu zake. Mwenye uzi amesema mwenyewe, katika 11 wa kienyeji mmoja.

Nazi Kavu

Babu ana hoja na imepimwa. Niko Kwale, Pwani ya Kenya. Hapa Diani, miaka ya 1990, watafiti wa ILRI (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo) walifuga pamoja mbuzi wadogo wa Afrika Mashariki na mbuzi wa Galla, wale wakubwa weupe wa kaskazini, malisho yaleyale ya Pwani yenye unyevu. Wadogo walihimili minyoo kuliko Galla. Kwa kondoo ilikuwa vilevile, kondoo mwekundu wa Kimaasai alimshinda Dorper. Galla si mbuzi mbaya jameni, kwao ni jangwani, huko mnyoo huyu hana umande wa kupandia. Ukimleta baharini umemleta vitani bila ngao.

Na wale majike waliokufa baada ya kuzaa, hiyo pia inajulikana. Kuanzia wiki mbili hivi kabla ya kuzaa mpaka wiki kadhaa za kunyonyesha, kinga ya jike inashuka na mayai kwenye kinyesi chake yanapanda. Anamwaga mayai wakati uleule kitoto chake kinaanza kuonja nyasi. Kama majike wako wote wanazaa katikati ya masika, umepanga mwenyewe.

Kamba Fupi

Hiyo ya kuzaa masika imenichoma. Beberu nilimwacha na majike mwaka mzima, wakazaa walipotaka. Mbuzi anabeba mimba miezi mitano. Nikimwingiza beberu Februari, wanazaa Julai, umande umepungua. Nimeshamtenga.

Maziwa ya Mgeta

Salamu kutoka milimani. Sisi huku Mgeta tunafuga mbuzi wa maziwa wa Kinorwei, walikuja miaka ya 1980, na karibu kila mtu ana banda la kuinuliwa lenye sakafu ya mbao zilizoachiana. Kinyesi kinadondoka chini, mbuzi hakifikii. Minyoo imepungua sana, lakini haikuisha, na watu wengi hawajiulizi kwa nini. Majani unayokata bondeni, pale ambapo mbuzi wa jirani wanapita, yanakuja na lava wake. Kata juu, usikwangue mpaka shinani, acha yanyauke kidogo kabla ya kuwapa. Na chakula kining'inizwe. Kikitupwa sakafuni umerudi kulekule.

Na vitoto vikihara ndani ya banda msikimbilie albendazoli. Mara nyingi ni koksidia, si mnyoo kabisa, dawa ya minyoo haiigusi. Nimepoteza vitoto vitatu kwa kujifunza hilo.

Supu ya Kichwa

Sasa kwa sisi wa ekari mbili tatu tunaachanisha vipi malisho? Tusipewe ushauri wa ranchi ya Kongwa.

Daktari wa Zizi

Swali la haki. Kwenye joto na unyevu kama wa Pwani, lava wanakomaa haraka lakini pia wanakufa haraka. Lava wa kuambukiza hali chakula, anaishi kwa akiba aliyonayo, na joto linamfanya aimalize upesi. Huko Tonga, nchi ya visiwa ya Pasifiki yenye hali kama hizi, walijaribu kwa mbuzi: vitalu kumi vidogo, siku tatu na nusu kila kimoja, kisha kinapumzika siku zaidi ya thelathini. Mbuzi wanatoka kabla mayai yao hayajawa lava wa kuambukiza, na wanaporudi lava wengi wameshakufa. Mayai kwenye kinyesi yalishuka sana. Vitalu kumi kwenye ekari tatu si ndoto, ni nguzo na waya au wigo wa miiba, na kazi ya kuhamisha.

Ukishindwa kumi fanya vinne, ila vile vilivyokaliwa karibuni usivirudie kwenye mvua. Ng'ombe wa jirani akipita baada ya mbuzi anakusaidia, kwa sababu anameza lava ambao kwake wengi hawakui. Kondoo hakusaidii, minyoo wake na wa mbuzi ni walewale.

Na kuhusu dozi, kwa kuwa najua mtaniuliza faraghani: mwili wa mbuzi unaiondoa dawa haraka kuliko wa kondoo. Kipimo cha kondoo kwenye chupa mara nyingi hakimtoshi. Albendazoli kwa mbuzi huenda mpaka mara mbili ya kile cha kondoo na zaidi, levamisoli ni mara moja na nusu na hapo usivuke, inaua. Albendazoli usimpe jike kwenye mwezi wa kwanza na nusu wa mimba, vitoto vinaharibika. Ndiyo maana nataka daktari aliyeona mbuzi wako aandike, na aseme siku za kuacha maziwa na nyama. Dawa ipite nyuma ya ulimi, taratibu. Na pima uzito, kama mwenye uzi alivyosema.

Mama Wawili

Dokta nimekusamehe ile ya majirani. Nikiongeza wafike kumi nitakutafuta.

Chabo Tu

Mwenye uzi tupe mrejesho, ni Septemba sasa.

Kamba Fupi

Mrejesho. Wamebaki 27 na vitoto vinne vya Julai, hakuna kifo tangu mwanzo wa Julai. Sijajisifu bado, ni kiangazi, vuli ndiyo itanipima.

Nimegawa vitalu sita, fedha iliishia hapo. Nyasi zikifika chini ya upana wa kiganja natoa mbuzi hata kama siku hazijafika. Upande wa nyuma nilikuwa nimepanga kufyeka kichaka nipande majani, nimeacha kufyeka. Asubuhi wanaanzia huko, wanachuma juu, nyasi wanazipata jua likishapanda. Nimepanda na mistari miwili ya lusina (miti ya malisho), ingawa naambiwa wasiijaze tumbo nzima, hasa wasioizoea. Pumba na mashudu kidogo kwa wanaonyonyesha, maana nilielezwa mwenye protini ya kutosha anazivumilia hata damu zinazomtoka.

Wageni hawaingii tena moja kwa moja. Nilinunua majike wawili Agosti, wamekaa kwenye sakafu ya saruji, wametibiwa, vinyesi vikapimwa, ndipo wakaungana na wenzao.

Kope naangalia kila Jumamosi na kuandika kwenye daftari. Kuna jike wa kienyeji, kibutu, sikio limekatika, hajawahi kuvuka namba 2 tangu nianze kuandika, na amezaa mapacha. Kuna chotara watatu wamefika 4 mara mbili kila mmoja, hao Desemba wanauzwa nyama.

Supu ya Kichwa

Huyo kibutu unamwachia bei gani mkuu? Mimi niko serious.

Kamba Fupi

Hauzwi. Ana mwanawe dume, njoo mwakani tuongee.